Punda, Bi Harusi na Pembe ya Nangasu

Sogeeni karibu. Na wewe uliyesimama mlangoni, mguu ndani mguu nje, chagua moja, maana hadithi hii haipendi mtu wa kuchungulia. Leo sina sungura wala fisi. Nina magari mawili, watu watatu, na mtoto mchanga mwepesi kama mkate. Nina hasira pia. Hasira yenyewe nimeambukizwa na nesi mmoja aitwaye Eliwaza, na nikimaliza mtaniambia kama alikuwa na haki ya kukasirika.

Huko Upareni juu kuna kijiji kiitwacho Vumwe. Kimekaa mgongoni mwa mlima, na barabara yake ni moja tu, inateremka kwa kona na kona hadi tambarare iliko hospitali ya wilaya. Kiangazi barabara hiyo ni vumbi, masika ni uji. Eliwaza alikuwa mkunga wa zahanati ya Vumwe. Masika ya mwaka uliotangulia alimsindikiza mama mmoja kwenye machela, wanaume wakipokezana mabegani, na mama yule akakata roho kabla hawajafika hata katikati ya mlima. Wakageuza, wakapanda naye. Tangu siku ile Eliwaza alitaka jambo moja tu duniani: asimrudishe tena mzazi nyumbani akiwa amefunikwa shuka.

Basi akatokea Bwana Mnzava, mtoto wa Vumwe aliyefanikiwa mjini kwa kuuza vipuri. Akasema atawapa zahanati gari. Akaenda yadi kuchagua, akakuta magari mawili, akasimama katikati yao akikuna kichwa. Moja lilikuwa la petroli, la bei nafuu, la kawaida kabisa. La pili lilikuwa haibridi, lile linalokwenda kwa petroli na kwa umeme, na ambalo unalichomeka ukutani kama unavyochaji simu. Kuchagua kukamshinda. Akayapandisha yote mawili mlimani akasema, "Yatumieni masika hii. Mvua zikikatika nitakuja. Moja litabaki, jingine litarudi yadi."

Na hapo ndipo watu wazima walipogeuka watoto. Kamati ya kijiji ikagawanyika. Wengine petroli, wengine umeme. Wanaume ambao hawajawahi kugusa usukani wakawa mabingwa wa injini. Walibishana kilabuni, walibishana msibani, na mmoja alibisha hata kaburi halijafukiwa. Eliwaza ndiye angelipanda gari hilo na wagonjwa wake. Mnadhani kuna aliyemwuliza? Hakuna.

Sasa wasikilizeni watu wangu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Mbazi, dereva. Mbazi alikuwa na kipaji cha barabara mbaya. Mahali ambapo wewe ungeona shimo, yeye aliona pa kupitisha gurudumu. Alilipenda lile gari la petroli kwa moyo wote, na watu wakaliita Punda. Punda halikuwa na mbwembwe. Vioo vyake unazungusha kwa mkono, viti vyake vigumu kama benchi la shule, lakini lilikuwa limesimama juu, jepesi, na likiharibika njiani fundi yeyote mwenye spana na kipande cha waya angeliamsha. Ubaya wake ulikuwa kiu. Petroli ya Vumwe hupandishwa kwa madumu, na dumu likichelewa Punda hulala.

Wa pili ni Tumsifu, fundi wa redio na simu. Kipaji chake kilikuwa subira na vitu vya umeme. Angeweza kukaa na redio iliyokufa mpaka ione aibu iseme kitu. Yeye alikabidhiwa ile haibridi, na kila umeme ulipokuwepo aliichomeka kwenye ukuta wa zahanati, huku watu wakimpigia kelele kwamba anamaliza umeme wa LUKU uliolipiwa wagonjwa. Gari lile lilikwenda hadi kijiji cha pili na kurudi bila kuonja petroli, kimya, usisikie ila mawe yakisagika chini ya matairi. Ubaya wake ulikuwa uzito na kimo. Lilikuwa zito na tumbo lake li karibu na ardhi. Siku ya gulio ya kwanza lilizama kwenye tope na kamati nzima ndani yake, likavutwa kwa kamba na vijana wakiimba nyimbo za harusi. Ndiyo maana likaitwa Bi Harusi.

Wa tatu ni Mama Nangasu. Huyu hakuwa na gari wala hakutaka gari. Alikuwa mjane, mkulima wa tangawizi, na kipaji chake kilikuwa kuitikiwa. Wako watu wanaoita hadi sauti inakauka na hakuna anayegeuka. Nangasu akiita, watu huinuka kabla hawajajua kwa nini. Kila walipomwuliza yuko upande gani, Punda au Bi Harusi, alijibu, "Gari ni mgeni. Barabara ndiyo mwenyeji. Nani anamkaribisha mgeni kwenye nyumba isiyo na sakafu?" Wakamcheka. Wakasema mama wa watu anazeeka vibaya.

Ngoja niwaambie kitu kimoja cha Wapare, maana bila hicho hamtanifuata. Wao wana kazi ya pamoja inayoitwa msaragambo. Kama kuna mfereji wa kuchimba au njia ya kufungua, pembe hupulizwa, na kila mwenye mikono miwili hutoka na jembe lake. Asiyetoka hulipa faini. Na pale Vumwe pembe hiyo ilikuwa na mwenyewe, Mzee Kiangi, na ilikuwa na sheria zake. Haipulizwi na mtu mwingine bila ruhusa, anayethubutu atatoa mbuzi. Tena haipulizwi Jumamosi, kwa sababu nusu ya kijiji ni Wasabato, na Jumamosi ni siku yao ya ibada na mapumziko.

Sasa, ole wao, ikaja Jumamosi.

Mvua ilikuwa imeanza Alhamisi na ilikuwa haijapumua. Asubuhi hiyo Yunis, binti aliyeolewa mwaka uliopita, aliletwa zahanati akishikiliwa kwapani na mama mkwe wake. Mimba ilikuwa haijatimia. Eliwaza hakupata hata muda wa kumwuliza mengi, mtoto akazaliwa mkononi mwake, mdogo, rangi ya majivu, akivuta pumzi moja na kuisahau ya pili. Eliwaza akamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunika, akamwekea mtoto mpira mwembamba puani, akawasha mashine ya oksijeni. Mashine ikanguruma. Mtoto akaanza kupata rangi ya watu. Halafu umeme ukakatika.

Mnaniuliza jenereta? Ah, jenereta! Zahanati ilikuwa na jenereta. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Semboja, aliliazima kwa sherehe ya kumuaga binti yake, muziki ukapigwa hadi alfajiri, na lilirudi likitoa moshi badala ya umeme. Eliwaza alipolalamika aliambiwa na Mwenyekiti, "Sista, na wewe kuwa na utu, binti haolewi kila siku." Tangu hapo jenereta lilikaa stoo likiwa kiota cha kuku.

Kulikuwa na mtungi mdogo wa oksijeni. Hewa yake ingetosha safari moja ya kushuka hospitali, basi. Ukiufungua pale zahanati, njiani ungebaki na chuma kitupu. Eliwaza akamwambia mama mkwe wa Yunis akimbie kumwita dereva, waondoke mara moja. Mama mkwe akarudi amelowa, mikono kichwani. "Sista, hakuna njia. Mlima umeanguka pale kwenye kona ya mizinga ya nyuki. Udongo umejaa barabarani, na miti yake."

Eliwaza akasimama katikati ya chumba. Ungetarajia aogope, lakini kilichompanda kilikuwa hasira. Alimkumbuka yule mama wa machela, akakumbuka mabishano yote ya masika yale, vioo na viti na rangi, na mtoto huyu sasa yuko hapa anahesabiwa pumzi na ukuta usio na umeme. Akafungua dirisha akapiga kelele, "Kuna mtu yeyote huko nje mwenye akili?"

Aliyeitika ni Tumsifu. Alikuwa amejibanza barazani, akilinda Bi Harusi lake dhidi ya mvua kama kwamba gari huumwa mafua. Nyuma ya gari lile, pembeni mwa buti, kulikuwa na soketi ya umeme. Kamati walikuwa wakiitumia kuchaji simu na kuchemshia maji ya chai kwenye ziara zao. Tumsifu hakuuliza mengi. Alilirudisha gari kinyumenyume hadi ukuta ukalikwaruza, akapitisha waya dirishani, akaichomeka mashine. Ikanguruma. Mtoto, aliyekuwa ameanza tena kuwa rangi ya majivu, akapiga chafya.

Tumsifu alikaa ndani ya gari asubuhi yote. Alizima kila kitu kinachokula umeme, kuanzia taa hadi kipoza hewa, akabaki gizani na baridi yake, macho kwenye kioo kinachoonyesha betri. Ikishuka sana injini ilijiwasha yenyewe, ikaongeza kidogo, ikanyamaza. Petroli ilipokaribia kwisha alitoka akanyonya kwa mpira ile ya pikipiki yake, akaitema iliyoingia mdomoni, akaimimina. "Sista," alisema dirishani, "mimi nitakupa muda. Lakini siwezi kukupa barabara."

Maneno hayo aliyasikia Nangasu, aliyekuwa amefika na uji wa mzazi. Aliweka chupa ya uji chini, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mzee Kiangi. Mzee alikuwa amevaa suti, Biblia kwapani, akijiandaa kwenda kanisani. Nangasu akampa shikamoo, akamweleza.

"Marahaba, mwanangu, nakusikia," mzee alisema. "Lakini pembe hailii Jumamosi. Tangu baba yangu haijalia Jumamosi."

"Na baba yako alimwachia nani azike watoto, Mzee?"

Nangasu akanyoosha mkono ukutani, akaitungua pembe, mwanamke yule, akatoka nayo mvuani akaipuliza. Nasikia mara ya kwanza ilitoka sauti ya mbuzi anayekoroma, ya pili ikanyooka, na ya tatu ikaenda hadi ng'ambo ya bonde. Kanisani wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Watu wakatazamana. Pembe, Jumamosi? Mzee wa kanisa akavua koti, akalegeza tai, akasema, "Mungu tutaongea naye tukimaliza." Wakatoka. Walitoka Wasabato na viatu vya ibada, wakatoka Walutheri, wakatoka Waislamu wa mtaa wa chini, wenye majembe kwa majembe, wenye sururu kwa sururu, na wanawake na makarai. Nangasu alikuwa mbele, udongo hadi magotini. Walikata miti, walisukuma mawe bondeni, walibeba tope kichwani. Ulikuwa udongo wa kumwagika upya kila ukiupunguza, na mtu akisema hatuwezi, Nangasu alimwita kwa jina la mama yake mzazi hadi akaona haya akainama tena. Mchana ulipogeuka, kulikuwa na upenyo. Haukuwa barabara, ulikuwa upenyo, tope tupu, upande mmoja mlima na upande wa pili hewa. Wakalaza migomba juu ya tope. Nangasu akatuma neno: njooni sasa, kabla haujateremka tena.

Ndipo ikaja zamu ya Mbazi. Punda lilikuwa na mafuta. Lilikuwa nayo kwa sababu wiki ile Mwenyekiti alitaka apelekwe mnadani akanunue fahali, na Mbazi akamdanganya kwamba tangi ni tupu. Sasa Yunis akapakiwa, mtoto kifuani, Eliwaza pembeni na mtungi mdogo kati ya magoti yake, akaufungua. Mbazi akasema, "Sista, nikikwambia fumba macho, fumba." Akashuka. Kwenye upenyo watu walijipanga kando. Gurudumu la nyuma lilipita nusu yake likiwa hewani. Gari likaserereka, Mbazi akaliachia liserereke badala ya kulibishia, halafu akalidaka mwishoni kama unavyodaka kikombe kinachoanguka mezani. Lingekuwa zito kidogo tu, lingekwenda bondeni na wote waliomo. Baada ya hapo zilibaki kona, mito iliyovuka barabara na mawe makubwa, na mshale unaopima hewa ya mtungi ukilala kidogokidogo. Eliwaza aliutazama mshale hadi macho yakamwuma. Waliingia lango la hospitali mshale umelala kabisa. Madaktari walimpokea mtoto angali anapumua.

Mtoto akaishi. Leo analia kwa sauti ya kuudhi, na Yunis anasema halali mpaka abebwe.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, na sisi sote tukalala vizuri. Lakini mvua zilikatika, na Bwana Mnzava akaja kuchukua gari lake moja.

Viti vilipangwa mbele ya zahanati. Mwenyekiti Semboja alikaa katikati, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Akahutubia. Akasema kijiji chini ya uongozi wake kimeokoa maisha. Akasema teknolojia ni kitu kizuri. Akashukuru magari, yote mawili, kwa majina. Naam, alishukuru magari! Kisha akakohoa, akasema, "Kabla ya yote kuna suala la nidhamu. Mama Nangasu alipuliza pembe isiyo yake, bila ruhusa, tena Jumamosi. Sheria ni sheria. Atatoa mbuzi."

Eliwaza alitaka kusimama, lakini Nangasu alimtangulia, taratibu, akijifunga kanga kiunoni.

"Mbuzi nitatoa," alisema Nangasu. "Kesho asubuhi mje mchukue. Lakini sheria hiyohiyo, Mwenyekiti, inasema pembe ikilia asiyefika hulipa. Mimi nilikuwa pale tangu jembe la kwanza hadi la mwisho. Kila aliyefika namjua. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nafanya mawasiliano," alisema Mwenyekiti.

"Kwa simu gani, na mnara ulikuwa umezimika?"

Watu waliangua kicheko hadi kuku wakatoka stoo. Mwenyekiti akakaa chini, akaona ghafla jambo la maana sana la kutazama kwenye viatu vyake. Suala la mbuzi halikutajwa tena. Lakini hasira ya Eliwaza haikushuka, maana alijua kicheko si haki.

Bwana Mnzava akasimama. Alikuwa mtu mwenye haraka, dereva wake alishawasha lori la kubebea gari. Alitoa mfukoni funguo mbili. "Nimesikia yote," alisema. "Kamati yenu imeshindwa kukubaliana, nami sitawachagulia. Naona hivi: aliyemwokoa mtoto huyu ndiye ajuaye zahanati hii inahitaji nini. Yeye ndiye achague, na nitakalosikia kwake nitalifanya. Haya, ni nani aliyemwokoa?"

Mnadhani palikuwa kimya? Mbazi alikuwa ameshasimama.

"Ni mimi, na nachagua Punda libaki," alisema. "Bwana Mnzava, hospitali iko chini, haiko zahanati. Mtoto hakuponea dirishani, aliponea hospitali, na aliyemfikisha huko ni mimi. Pale kwenye kona gari zito lingekwenda bondeni. Kila masika kona ile itakuwa vilevile. Mnataka tushushe wagonjwa kwa Bi Harusi? Litazama kwenye tope la kwanza, na kompyuta yake ikigoma fundi yuko mjini."

"Punda lako lingeshusha maiti!" Tumsifu alifoka, mtu yule wa subira. "Mtoto alikuwa anakufa kabla hujaona hata ufunguo wako. Nani alimpumulisha asubuhi yote? Ni mimi, na mimi nachagua Bi Harusi. Wewe Mbazi unasema kila masika, na mimi nasema kila siku. Petroli inapanda kwa dumu, na dumu lisipokuja Punda ni banda la kuku. Hili langu nalilisha kwa ukuta. Umeme ukikatika, ndilo linaloulisha ukuta. Masika ni miezi michache, umeme unakatika mwaka mzima!"

"Lilisimama dirishani kama mbuzi wa kamba," alisema Mbazi, "na wewe unaita kuokoa."

"Na wewe ulibebwa na migomba ya watu ukaita udereva!"

Nangasu hakupandisha sauti. "Mngetazamana," alisema. "Mmoja huku ukutani, mwingine pale kwenye udongo, mafuta yakiisha na betri ikiisha, na mtoto katikati yenu akiisha. Waliofungua njia ni hawa waliokaa chini hapa, ambao hotuba haikuwataja. Mimi nilipuliza tu. Kama ni mimi ninayechagua, nasema hivi. Bwana Mnzava, magari yako yote mawili rudisha yadi. Kile ulichotaka kutupa, tupe kwa mawe, saruji na makalavati ya kupitishia maji. Tujenge ukuta pale kwenye kona, mikono tunayo. Njia ikiwa nzima, gari lolote la mtu yeyote litapita, hata la kukodi. Njia ikifa, utatuletea magari hadi tukose pa kuyaegesha, na tutakufa tukiyatazama."

Hapo ndipo watu waliposimama wote. Wengine walimpigia makofi, wengine wakamzomea. "Turudi kwenye machela?" mtu alipiga kelele. "Gari limekuja mlangoni, mnalifukuza?" Bwana Mnzava aliinua mkono hadi wakanyamaza. Naye alikuwa amechanganyikiwa, ilionekana. Akageuka.

"Nesi," alisema. "Wewe ulikuwepo tangu mwanzo hadi lango la hospitali. Mimi sitawasikiliza hawa tena. Wewe niambie ni nani aliyemwokoa mtoto. Nitafuata neno la huyo." Akampa Eliwaza funguo zote mbili mkononi.

Masika yote hakuna aliyemwuliza. Sasa wamemwuliza, na wamemwuliza swali hili! Eliwaza alizitazama funguo kiganjani, na hasira yote aliyokuwa ameibeba ikamtoka mdomoni.

"Hamna haya," alisema. "Hamna haya nyote. Mama alikufa mikononi mwangu mwaka jana, na mwaka huu mkaja kunibishania rangi. Jenereta langu mmelichezea ngoma. Leo watu watatu wameninusuru, na badala ya kuwapa mkono mnanitaka niwaweke kwenye mizani, mmoja apande, wawili washuke. Ningemtoa Tumsifu, mtoto amekufa saa tatu asubuhi. Ningemtoa Mama Nangasu, amekufa mchana. Ningemtoa Mbazi, amekufa jioni. Nimwambie nani kwamba wake ulikuwa mchango mdogo?"

Mbazi aliinamisha kichwa. Tumsifu alifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Nangasu alimtazama tu, macho makavu.

"Jibu lazima litoke, Sista," alisema Bwana Mnzava kwa upole. "Lori haliondoki bila neno lako."

Eliwaza akapitisha macho kwenye mkusanyiko. Mstari wa mbele, kwenye jamvi, alikaa mke wa mpwa wa Nangasu, miguu ameinyoosha, mkono mmoja juu ya tumbo. Eliwaza alimjua vizuri, yeye ndiye aliyekuwa akimpima. Mimba yake ingetimia mvua za vuli, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Alikuwa akimtazama nesi kama mtu anayesubiri kuambiwa atasafiri kwa njia gani.

Eliwaza alifunga kiganja juu ya funguo. Alifungua mdomo.

Na mimi naishia hapo, msinirushie viatu. Sijui alisema nini, na kila niliyemsimulia alisema la kwake, kisha wakakosana njia nzima ya kurudi nyumbani. Tumsifu alitoa muda, naye anataka gari la umeme. Nangasu alitoa njia, naye hataki gari, anataka mawe. Mbazi alitoa mwendo, naye anataka gari la petroli. Hakuna aliyetoa zaidi, na hakuna ambaye hoja yake ni ya kijinga.

Sasa funguo ziko mkononi mwako wewe, uliyekuwa mlangoni ukaingia. Na wewe bibi, na wewe kijana unayecheka. Ungemtaja nani? Mnaweza kubishana mpaka kuche, sitawazuia. Ninachotaka ni kimoja: yeyote atakayejibu, asinijibu mimi. Amgeukie yule mama aliyekaa kwenye jamvi, amtazame usoni, amwambie yeye. Haya, ungemwamulia vipi?